Hati za ahadi za kupokea kwenye mizania ya kampuni ya madini: kwa nini milioni 12 zimekuwa 7.2?

Msomahesabu

Ndugu zangu, salaam. Naomba msaada wa kuelewa mstari mmoja wa mizania ambao umenisumbua kwa wiki nzima. Mimi si mhasibu kwa taaluma. Ni mwekezaji mdogo ninayejifunza kusoma taarifa za fedha kabla ya kununua hisa, na safari hii nimeshika taarifa ya mwaka ya kampuni ya ukubwa wa kati inayochimba dhahabu na shaba. Jina lake nitaliacha, kwa sababu swali langu linahusu hesabu na si kampuni yenyewe, na tarakimu nimezikata ili zisomeke kwa urahisi.

Kampuni hiyo iliuza mgodi wake mmoja wa zamani siku ya kwanza ya mwaka wa fedha. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 20. Milioni 8 zililipwa taslimu siku ya makabidhiano, na kwa milioni 12 zilizobaki mnunuzi aliandika hati ya ahadi kwamba atalipa milioni 3 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 4. Hati haitaji riba yoyote. Awamu ya kwanza ililipwa siku ya mwisho ya mwaka huo, kama ilivyoahidiwa.

Kwa hesabu yangu, 12 ukitoa 3 zinabaki 9. Lakini mizania ina hati za ahadi za kupokea katika sehemu mbili: milioni 2.1 chini ya mali za muda mfupi na milioni 5.1 chini ya mali za muda mrefu, jumla milioni 7.2. Tena taarifa ya faida na hasara ina mapato ya riba ya milioni 1.1 yanayotokana na hati hiyo hiyo isiyo na riba. Je, milioni 1.8 zimekwenda wapi, na riba hii imetoka wapi?

Ningependa pia kujua hati hizi zinatofautianaje na wadaiwa wa kawaida ambao nao wamo kwenye mizania, na kama ni sahihi kuzihesabu kuwa fedha ambazo kampuni inaweza kuzitegemea kulipia madeni yake. Mali zote za muda mfupi ni milioni 24, na madeni ya muda mfupi ni milioni 20.

Daftari_Kuu

Ndugu Msomahesabu, tarakimu ulizotoa zinatosha kulijibu swali lako la kwanza mpaka mwisho, na hakuna fedha iliyopotea.

Anayekubali kulipwa kidogo kidogo kwa miaka 4 bila kutaja riba amemkopesha mnunuzi, na riba ya mkopo huo imejificha ndani ya bei. Milioni 3 zitakazopokelewa baada ya miaka 4 hazilingani na milioni 3 zilizopo mkononi leo. Kwa hiyo viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha vinamtaka mhasibu aichambue ile bei, aitenganishe thamani ya mgodi na riba ya kusubiri, na aandike kila kimoja mahali pake. Hati huingia vitabuni siku ya kwanza kwa thamani ya sasa ya malipo yote yajayo, ikikokotolewa kwa kiwango cha riba ambacho mkopaji wa aina ile angetozwa sokoni kwa mkopo wa aina ile.

Kiwango hicho hukukitaja, lakini kinaweza kutafutwa kwa kurudi nyuma. Nilijaribu kwanza asilimia 10 nikapata salio la milioni 7.46 mwishoni mwa mwaka, ambalo halilingani na lako. Asilimia 12 ndiyo iliyolingana. Kwa asilimia 12, awamu nne za milioni 3 zina thamani ya sasa ya milioni 9.11, na hiyo ndiyo tarakimu iliyoandikwa siku ya mauzo. Mwaka ulipopita, milioni 9.11 zilizaa riba ya milioni 1.09, ambayo ndiyo ile milioni 1.1 uliyoiona kwenye mapato. Hati ikafikia milioni 10.21, mnunuzi akalipa 3, zikabaki 7.21. Ukiendelea hivyo, mwaka wa pili riba ni 0.86 na salio ni 5.07, mwaka wa tatu riba ni 0.61 na salio ni 2.68, na mwaka wa nne riba ya 0.32 inalifikisha salio kwenye milioni 3 kamili, ambazo awamu ya mwisho inazimaliza. Ukijumlisha riba za miaka yote minne utapata milioni 2.89, na hiyo ndiyo tofauti kati ya 12 za kwenye karatasi na 9.11 za vitabuni. Ile milioni 1.8 unayoitafuta ni riba ya miaka mitatu iliyobaki, ambayo kampuni bado haijaistahili.

Mgawanyo wa 2.1 na 5.1 nao hueleweka kwa njia hiyo hiyo. Wasomaji wengi hutarajia sehemu ya muda mfupi iwe milioni 3, kwa kuwa ndizo zitakazolipwa ndani ya miezi 12 ijayo. Hata hivyo, ndani ya milioni 3 hizo, 0.86 ni riba ya mwaka ambao haujaanza, na riba ya mwaka ambao haujaanza haiwezi kukaa kwenye mizania ya leo. Kinachobaki ni 2.14.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza lakini linafuata moja kwa moja. Faida ya kuuza mgodi hupimwa kwa 9.11, wala haipimwi kwa 12. Tuseme mgodi ule ulikuwa vitabuni kwa thamani ya milioni 14. Aliyesoma tangazo la mauzo atasema faida ni milioni 6, kwa sababu ameona 20. Taarifa za fedha zitaonyesha 8 za taslimu na 9.11 za hati, jumla 17.11, na faida ya milioni 3.1 tu. Sehemu iliyobaki itaingia polepole kama riba katika miaka minne. Unaposoma faida ya mwaka wa kampuni hii, itenge ile faida ya mauzo pamoja na riba ya hati uone kilichobaki, kwa kuwa hicho ndicho kilichotoka kwenye mwamba.

Kuhusu wadaiwa wa kawaida, katika kampuni ya madini neno hilo hubeba mambo mawili ambayo yanafaa kutenganishwa. Wapo wanunuzi wa madini. Kampuni inayosafirisha makinikia ya shaba (mchanga wenye shaba ambao bado haujasafishwa) kwa kawaida hulipwa sehemu kubwa ya bei mapema kwa makadirio, kisha bei ya mwisho hupangwa kwa wastani wa soko wa mwezi fulani baada ya mzigo kufika. Deni la namna hiyo hupanda na kushuka pamoja na bei ya shaba hadi siku ya kufungwa kwa hesabu, na kwa hiyo hupimwa upya kwa thamani ya soko kila tarehe ya mizania. Ipo pia kodi ya ongezeko la thamani inayosubiri kurejeshwa na serikali, ambayo kwa wachimbaji wanaouza nje inaweza kuwa kubwa kuliko wadaiwa wengine wote. Hiyo hutokana na sheria na si mkataba, na haina hati wala ratiba ya malipo. Hati ya ahadi inatofautiana na vyote hivyo kwa sababu ni mkataba unaosimama peke yake, una kiasi, tarehe na mdaiwa anayejulikana, na mara nyingi una dhamana inayoweza kushikwa asipolipa.

Swali lako la kutegemea hati kulipia madeni nawaachia waliowahi kudai hati kama hizi.

Mchenjuaji

Hesabu za Daftari_Kuu ni sahihi na sina la kuziongezea. Nataka nizungumzie mtu aliye upande wa pili wa hati, kwa kuwa nimefanya kazi miaka mingi katika idara za fedha za migodi na nimewahi kukaa upande wa anayedai.

Jiulize mnunuzi wa mgodi wa zamani ni nani. Mara nyingi ni kampuni ndogo ambayo haina mgodi mwingine. Ingekuwa na fedha, ingelipa taslimu na kudai punguzo la bei. Imeandika hati kwa sababu inakusudia kulipa awamu zile kwa dhahabu itakayotoka kwenye mgodi huo huo. Na dhamana ya hati ni nini? Kwa kawaida ni hisa za kampuni tanzu inayomiliki leseni ya uchimbaji, maana yake ni mgodi ule ule tena. Kwa hiyo chanzo cha malipo na dhamana ni kitu kimoja. Bei ya dhahabu ikishuka, au mwamba ukitoa gramu chache kwa tani kuliko ilivyokadiriwa, mdaiwa anakosa fedha katika kipindi kile kile ambacho dhamana yake inapoteza thamani. Na muuzaji, ambaye bado ana migodi yake mingine inayotegemea bei hiyo hiyo, naye anakuwa na shida ya fedha wakati huo huo. Katika biashara nyingine dhamana humwokoa mdai siku mambo yanapoharibika, lakini hapa dhamana inaharibika pamoja na deni.

Ndiyo maana mimi huisoma hati kama hii kuwa kipande cha mgodi ambacho kampuni bado inakimiliki, ila kimeandikwa kwa lugha ya mkopo. Kampuni imeacha kuusimamia mgodi lakini haijaacha kuutegemea.

Niliwahi kuwa katika kampuni iliyouza mgodi wa chini ya ardhi kwa mtindo huu. Awamu mbili zililipwa kwa wakati. Bei ya madini iliposhuka, mnunuzi aliomba muda, kisha akaomba tena, na mwishowe akaacha kujibu barua. Tulishika dhamana kama mkataba ulivyoturuhusu na mgodi ukarudi mikononi mwetu. Tulikuta pampu zimezimwa miezi kadhaa iliyopita, maji yamepanda hadi ngazi za chini zote zimefurika, mishahara ya wafanyakazi haijalipwa, na ukuta wa bwawa la topesumu unahitaji matengenezo ambayo hayakuweza kusubiri. Wajibu wa kuukarabati mazingira na kuufunga mgodi, ambao tulikuwa tumeuondoa vitabuni kwa furaha siku ya mauzo, ulirudi pamoja na hisa. Gharama zile zilizidi salio la hati. Kwa maneno mengine, dhamana yetu ilikuwa na thamani iliyo chini ya sifuri, na tuliigundua baada ya kuishika.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuamua kama 7.2 zile ni fedha, tafuta kwenye maelezo ya hesabu mambo haya: dhamana ni nini hasa, kuna benki iliyo mbele ya kampuni yako katika foleni ya kulipwa, na ni nani aliyeweka dhamana ya ukarabati wa mazingira kwa mamlaka husika. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau. Ikiwa dhamana ile bado ipo kwa jina la muuzaji, basi mauzo hayajakamilika kwa uzito wote ambao neno hilo linabeba.

Msomahesabu

Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye maelezo ya hesabu na nimepata sehemu kubwa ya majibu. Dhamana ni hisa za kampuni tanzu inayomiliki mgodi, kama ulivyosema Mchenjuaji, na kuna benki iliyomkopesha mnunuzi fedha za mitambo ambayo inatangulia kulipwa. Dhamana ya ukarabati wa mazingira imehamishiwa kwa mnunuzi.

Kuna jambo ambalo sijalielewa. Maelezo yanasema kampuni imeweka tengo la hasara la dola 30,000 dhidi ya hati hiyo, na kwamba hati ipo katika "hatua ya kwanza". Dola 30,000 juu ya milioni 7.2 zinaonekana kuwa kidogo mno baada ya yote niliyoyasoma hapa. Je, tarakimu hii hupatikanaje?

Mhakiki

Nimekuwa mkaguzi wa hesabu kwa muda mrefu, na hapa umegusa mahali ambapo hukumu ya uongozi ina nguvu kuliko kanuni, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Kiwango kinachotawala jambo hili ni IFRS 9, kimoja cha vile viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha (IFRS), ambacho kimetumika tangu mwaka 2018. Kabla yake, chini ya IAS 39, kampuni ilisubiri dalili za wazi kwamba mdaiwa ameshindwa ndipo iandike hasara. Sasa inatakiwa kukadiria hasara inayotarajiwa tangu siku ya kwanza, hata kama mdaiwa analipa vizuri. Katika hatua ya kwanza, tengo hupimwa kwa hasara inayoweza kutokana na mdaiwa kushindwa kulipa ndani ya miezi 12 ijayo. Hatari ikiongezeka kwa kiasi kikubwa tangu mkopo utolewe, hati huhamia hatua ya pili, na tengo hupimwa kwa maisha yote yaliyobaki ya hati. Hatua ya tatu ni pale ambapo mkopo tayari umeharibika, na hapo hata riba hukokotolewa juu ya salio baada ya kutoa tengo. Kiwango kinachukulia kwamba malipo yaliyochelewa zaidi ya siku 30 ni ishara ya kuhama hatua, na yaliyochelewa zaidi ya siku 90 ni kushindwa kulipa, isipokuwa kampuni ithibitishe vinginevyo. Elewa pia kwamba tengo halina maana kuwa kuna fedha zilizowekwa kando. Ni punguzo la kitabuni tu.

Sasa tuipime ile 30,000. Hesabu ya kawaida ni kuzidisha vitu vitatu: uwezekano wa mdaiwa kushindwa kulipa, sehemu ya deni itakayopotea akishindwa, na kiasi anachodaiwa. Tuseme uongozi unaamini kwamba dhamana itarudisha asilimia 60, hivyo asilimia 40 zitapotea. Asilimia 40 ya milioni 7.2 ni milioni 2.88. Ili upate 30,000 kutoka hapo, uwezekano wa kushindwa kulipa ndani ya mwaka lazima uwe takribani 1 katika 100.

Hapo ndipo ningeinua mkono katika kikao cha ukaguzi. Daftari_Kuu amekuonyesha kwamba hati imepunguzwa kwa kiwango cha asilimia 12, maana yake siku ya mauzo uongozi ulikubali kwamba mnunuzi huyu ni mkopaji ambaye soko lingemtoza asilimia 12. Sehemu ya riba hiyo ni fidia ya muda na ya kutokuwa na fedha mkononi, lakini sehemu yake kubwa ni fidia ya hatari ya kutolipwa. Ni vigumu kusema kwenye ukurasa mmoja kwamba mdaiwa ni wa asilimia 12, na kwenye ukurasa mwingine kwamba uwezekano wake wa kushindwa ni 1 katika 100, tena huku dhamana ikiwa nyuma ya benki na ikiwa ni mgodi wenyewe. Na dhana ya kurudishiwa asilimia 60 ningeitaka ithibitishwe kwa tathmini ya mgodi wakati bei ikiwa chini, kwa sababu mnunuzi anayeshindwa kulipa hushindwa wakati kama huo, kama Mchenjuaji alivyoeleza kwa uzoefu wake. Kama hati ingehamia hatua ya pili, na uwezekano wa kushindwa kwa miaka mitatu iliyobaki ukawa 1 katika 5, tengo lingekuwa karibu dola 576,000 badala ya 30,000, bila kubadilisha dhana nyingine yoyote.

Ningependa kuongeza jambo la upana zaidi, kwa sababu kila aina ya mauzo au ufadhili wa madini huacha alama tofauti kwenye mizania, na zinazofanana kwa macho si lazima zifanane kwa hesabu. Mwaka 2016 kampuni ya Freeport-McMoRan iliuza sehemu yake katika mgodi wa Tenke Fungurume, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kampuni ya China Molybdenum, kwa dola bilioni 2.65 taslimu na malipo ya ziada yasiyozidi milioni 120. Malipo hayo ya ziada yaligawanywa mara mbili. Milioni 60 zingelipwa kama wastani wa bei ya shaba ungezidi dola 3.50 kwa ratili, na milioni 60 kama wastani wa kobalti ungezidi dola 20 kwa ratili, katika miezi 24 iliyoanza Januari 2018. Kobalti ilivuka kiwango chake, shaba haikuvuka. Haki ya namna ile si hati ya ahadi, kwa sababu kiasi chake kinategemea bei ya madini na kinaweza kuwa sifuri bila mdaiwa kuvunja mkataba wowote. Chini ya IFRS, kitu kama hicho hakiwezi kupimwa kwa njia ya riba aliyoieleza Daftari_Kuu. Hupimwa kwa thamani ya soko, na mabadiliko yake huingia kwenye faida na hasara kila kipindi. Ukikuta kampuni imechanganya haki za aina hii na hati za kawaida katika mstari mmoja, zitenganishe kabla ya kufanya hesabu yoyote.

Mfano mwingine ni wa mgodi wa Oyu Tolgoi nchini Mongolia, ambako serikali ilimiliki asilimia 34 na kampuni ya Turquoise Hill asilimia 66. Turquoise Hill ilikuwa ikiweka mtaji kwa niaba ya serikali, na fedha hizo zilizaa riba na zilitakiwa kurudishwa kutoka kwenye gawio la baadaye la serikali katika mgodi. Msomaji angetarajia kuona mkopo mkubwa wa kupokea kwenye mizania, lakini hakuuona, kwa sababu fedha hizo ziliandikwa kama punguzo la sehemu ya mwanahisa mdogo katika mtaji. Januari 2022 deni hilo, lililokuwa limefikia takribani dola bilioni 2.4, lilifutwa lote katika makubaliano na serikali. Mkopo unaolipwa kwa gawio la mgodi ambao haujaanza kutoa gawio uko karibu sana na mtaji, na wahasibu wale waliutambua hivyo tangu mwanzo.

Msomahesabu, angalia pia taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha usome maelezo ya matukio yaliyotokea baada ya tarehe ya mizania. Katika kazi yangu, mabadiliko ya hati kama hizi nimeyakuta huko mara nyingi kuliko kwenye mizania.

Msomahesabu

Nimefanya kama ulivyonielekeza. Taarifa ya mtiririko wa fedha iko sawa: milioni 8 za mauzo na milioni 3 za awamu ya kwanza zinaonekana, na hati yenyewe haionekani kwa kuwa haikuwa fedha.

Lakini kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, katika matukio ya baada ya tarehe ya mizania, kuna aya ya mistari mitatu. Inasema kwamba wiki saba baada ya mwaka kufungwa, pande mbili zilikubaliana kusogeza mbele awamu tatu zilizobaki kwa mwaka mmoja kila moja, "bila kubadilisha jumla ya kiasi kinachodaiwa". Nikisoma sentensi hiyo naona kama hakuna kilichopotea. Je, ni kweli?

Daftari_Kuu

Sentensi hiyo ni ya kweli kwa maneno, lakini imeacha sehemu muhimu. Jumla ni milioni 9 kama awali, ila zitafika kwa kuchelewa mwaka mzima bila fidia. IFRS 9 inataka malipo mapya yapimwe upya kwa kiwango kile kile cha awali, yaani asilimia 12. Awamu tatu za milioni 3, zikianza kulipwa miaka miwili kutoka tarehe ya mizania badala ya mmoja, zina thamani ya milioni 6.43. Ukitoa kwenye 7.21, kampuni imepoteza takribani milioni 0.77 kwa sahihi moja, na hasara hiyo itaandikwa katika mwaka mpya wa fedha.

Tarakimu za mwaka uliofungwa hazibadiliki kwa sababu ya makubaliano yenyewe, kwa kuwa yalifanyika baadaye. Hata hivyo, IAS 10, kiwango cha matukio ya baada ya tarehe ya mizania, inauliza kama tukio la baadaye linathibitisha hali iliyokuwapo tayari tarehe ya mizania. Mnunuzi anayeomba muda wiki saba baada ya kulipa awamu moja huenda hakuishiwa fedha ndani ya wiki hizo saba, na hoja ya Mhakiki kuhusu hatua ya kwanza na zile dola 30,000 sasa ina uzito mkubwa zaidi.

Kuhusu swali lako la tatu la siku ya kwanza, sasa linaweza kujibiwa kwa tarakimu. Kwa ratiba mpya hakuna awamu hata moja itakayolipwa ndani ya miezi 12 kutoka tarehe ya mizania. Ondoa milioni 2.1 kwenye mali za muda mfupi, zitabaki 21.9 dhidi ya madeni ya milioni 20. Uwiano uliokuwa 1.2 umeshuka chini kidogo ya 1.1. Tafuta kwenye maelezo ya mikopo ya kampuni yenyewe kama benki yake imeweka kiwango cha chini cha uwiano huo, na ni kiasi gani. Ukikipata, kiandike hapa tukiangalie pamoja.